Fimbo ya Mashoto

Mdogo wangu, aliyehamia Kanada, alinitumia video akicheza gofu. Uwanja wenyewe ni wa wakazi wa mji wake mdogo: theluji ikiyeyuka wanajitolea kuukarabati, na yeyote anacheza. Aliuita "uwanja wetu". Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mimi nalinda geti la uwanja wa gofu huku ugenini Midrand, kusini mwa Afrika, mwaka wa saba sasa. Najua kila mti, lakini mpira wenyewe sijawahi kuugusa ila kuuokota. Leo huyu, niliyemfuta kamasi Tanga, ana uwanja! Nilimjibu mashallah. Moyoni kilikuwa kijicho, na sitaki kukipaka rangi.

Kilichoniuma zaidi ni mkono wake. Mdogo wangu ni mashoto. Tulipokuwa wadogo mama alinikabidhi kazi ya kumchapa kila alipopeleka mkono wa kushoto kwenye sinia, nami niliifanya kwa bidii kuliko nilivyotumwa. Wazungu wake hawakumuuliza kitu. Walimtafutia tu fimbo za mashoto.

Niliitazama video ile mpaka nikaikariri. Jumatatu moja, uwanja ukiwa umefungwa, nilichomoa fimbo kwenye mfuko ambao mchezaji fulani aliusahau getini, nikaenda nayo kwenye nyasi. Mwenzangu wa zamu, Mkongo wa Bukavu anayeniita yaya, yaani kaka kwa kwao, hakupenda.

"Eish, yaya, bakikuona kazi imeisha."

Akanipiga picha hata hivyo. Niliituma Kanada na maneno mawili tu: uwanja wetu.

Jibu lilichelewa hata nikadhani nimemkomesha. Kisha ikaja sauti yake, ya taratibu, bila kicheko.

"Kaka, hiyo fimbo ni ya mkono wa kulia. Wewe umesimama kishoto, kama mimi. Huko nani anakuchapa?"

Niliirudisha fimbo mfukoni, nikafunga zipu. Nikaanza kumrekodia jibu, nikalifuta, nikaanza tena. Sisi samahani tunaitoa hata tunapomuuliza mtu njia, na yeye, miaka yote hiyo, nilikuwa sijampa hata moja. Nilimrekodia moja, kavu, nikaituma kabla kijicho hakijaniwahi.