Acha Usukumatu

Hapa mtaani, mtu akipanga jambo zuri lisilowezekana huambiwa, “Acha usukumatu.” Neno hilo, ndugu zangu, chanzo chake ni jirani yangu seremala. Milango yake ni mizito, imepigwa randa mpaka inateleza kama sabuni, wala haina tundu la kitasa. Mteja akiuliza ataufungaje, fundi huupapasa kwa kiganja kilichokwaruzwa na vibanzi, kisha husema kwa upole, kama anayebembeleza mtoto, “Sukuma tu. Tukizoea kuaminiana, makufuli yatakufa yenyewe.” Mteja huenda zake kwa fundi mwingine, nami hubaki nimeuma meno.

Juzi alfajiri mke wa jirani yangu huyo alipiga ukelele. Karakana ilikuwa imekombwa: randa, misumeno, patasi, vyote vinavyowalisha watoto wao. Nilipofika nilimkuta fundi amepiga magoti mbele ya mlango wake uliong’olewa bawaba, akiupapasa kama anayempapasa mgonjwa.

“Haukufungwa,” akasema kwa uchungu. “Si mwizi angeusukuma tu! Kwa nini kauvunja?”

“Baba watoto, umeibiwa!” mkewe akafoka. “Kesho tutakula nini, mlango?”

“Nimesikia, mama watoto. Lakini mlango wa watu umekosa nini?”

Akaniomba bisbisi aurudishe. Nikamletea, na komeo langu la akiba juu yake. Bisbisi akaichukua, komeo akanirudishia.

“La nini tena, jirani? Vya kuibiwa si vimeshakwenda?”