Jedwali Lililoachwa Bila Namba

Ni saa moja na nusu asubuhi mjini Manizales, Kolombia. Yorlady Ocampo anaandika jina la mgonjwa wa kubuni kwenye kompyuta, anabonyeza, anasubiri. "Hakuna," kompyuta inajibu. Anajaribu tena, akijifanya yuko kliniki nyingine. "Hakuna." Kahawa yake imepoa, hajaigusa.

"Utalichosha hilo jina, dada," anamtania mwenzake, Duván. "Liache lipumzike."

Yorlady hacheki. Kazi yake ni kupanga hifadhidata ya programu inayotumiwa na kliniki 61 kupitia mtandao. Ni kama nyumba ya kupanga: paa moja, wapangaji wengi, kila mmoja na chumba chake. Kila taarifa inayoingia lazima ibebe namba ya kliniki yake, la sivyo majirani wanachunguliana.

Miaka sita iliyopita mpangaji alikuwa mmoja tu. Jedwali la wanaosubiri miadi akaliacha bila namba. "Nikasema nitaiweka baadaye. Namba ya nini, na mteja ni mmoja?" anasema, macho chini. "Basi, nikasahau. Mimi, si mtu mwingine."

Machi iliyopita, mpokea wagonjwa wa kliniki moja ya meno alitafuta jina la mke wa mwanawe ampangie miadi. Likatokea kwenye foleni ya kliniki nyingine kabisa, ya matibabu ya uzazi. Mkwewe huyo, Luz Dary Henao, na mumewe walikuwa wameficha kwa miaka minne kwamba wanahangaika kupata mtoto. Jumapili iliyofuata, supu ya sancocho haijaepuliwa, ukoo mzima unajua.

Kampuni yenye programu ilimwandikia Luz Dary barua ya kuomba radhi. Yorlady aliona barua haitoshi. Akaomba kupitia kliniki, Luz Dary akakubali kumwona, naye akaenda nyumbani kwake Villamaría na mfuko wa pandebono za moto, vimikate vya jibini.

"Nilimwambia ni mimi niliyekosea. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, 'Sasa dada, utanifuta na kichwani mwa mama mkwe?'"

Anafuta meza isiyo na vumbi.

"Nikamwambia siwezi. Jamani, aibu! Nilitamani ardhi ipasuke. Pandebono nikarudi nazo, hata mfuko haukufunguliwa."

Tangu siku hiyo anajenga ukuta ndani ya hifadhidata yenyewe, ili ombi lisilo na namba ya kliniki lirudi mikono mitupu hata mwandishi wa programu akisahau. Majedwali 43 yako tayari, matano bado.

"Bosi mwenyewe ameshasahau yale mambo," Duván anamwambia.

"Bosi hakwenda Villamaría."

Luz Dary alikuwa wa tatu kwenye foleni ya matibabu ya uzazi. Wiki ileile siri ilipovuja aliomba jina lake liondolewe. Leo hata kliniki yake mwenyewe ikimtafuta, jibu ni hakuna.

"Nikimaliza nitamwandikia," anasema Yorlady. "Sitamwomba anisamehe. Nataka ajue tu kwamba akitaka kurudi, jina lake litaonekana mahali pamoja tu, kwenye kliniki yake."

Anaivuta kompyuta, anafungua jedwali la arobaini na nne.