Kibuyu cha Mama Jeruto

Mwaka 1937 Kavetsa alitoka Maragoli kwa lori mpaka Sisibo, ndivyo wenyeji walivyoiita Eldoret, kisha akatembea kwa miguu mpaka Moiben. Alikuja kujitolea. Kanisa lake liliuliza nani ataenda kufundisha watoto wa vibarua wa Kinandi bila mshahara, naye akainua mkono kabla swali halijaisha. Alikuwa na miaka kumi na tisa, viatu jozi moja, na cheti cha usafi wa nyumbani. Hicho cheti ndicho kilichomponza.

Kila asubuhi, kabla ya a-e-i-o-u, alikagua kucha. Mwenye kucha chafu alirudishwa mtoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya shule, na aliitunga mwenyewe.

Alikaa kwa Mama Jeruto, mjane aliyempa kitanda chake. Siku moja, mama akiwa shambani, Kavetsa akachungulia ndani ya kibuyu kilichoning'inia ukutani. Cheusi ti, masizi matupu. Maskini mama wa watu, akawaza, hana wa kumwelekeza. Akakibeba mpaka mtoni, akakisugua kwa sabuni na mchanga, kisha akarudi akiimba wimbo wa kanisani. Basi wewe ungemwona alivyojiona malaika.

Mama Jeruto alikinusa, akaketi. Kibuyu kile alikuwa amekipaka mkaa wa senetwet, mti unaotunza maziwa yasiharibike, ili agandishe mursik, maziwa ya mgando, ya mwanawe Kipngetich atakapotoka jandoni. Alimweleza hayo bila kugomba. Hilo ndilo lililomtia Kavetsa hofu.

Kesho yake Kavetsa akagonga kipande cha plau kilichokuwa kengele ya shule. Hakuja mtoto hata mmoja. Akagonga tena. Tayari aliliona lori la kurudi, na kanisa zima likimuuliza mbona upesi hivyo. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Mwishowe akarudi nyumbani kumwomba Mama Jeruto radhi.

Watoto wote walikuwa uani kwa Mama Jeruto, wamekaa kwa mistari kama darasani.

"Nisamehe, mama. Nilidhani ni uchafu."

"Najua ulivyodhani," Mama Jeruto akasema. "Keti. Leo mwanafunzi ni wewe."

Akapewa kibuyu cha kuazima na kijiti cha senetwet chenye ncha inayowaka. Akasugua ndani, akakohoa, machozi yakamtoka, darasa likacheka. Mama Jeruto akachungulia. "Tena," akasema. Mara ya nne akamimina maziwa.

Asubuhi iliyofuata kengele ililia mara moja tu, watoto wakajaa, Mama Jeruto nyuma yao. Kavetsa, kwa mazoea, akaamuru mikono. Ikanyooshwa yote, safi.

"Na yako, mwalimu?" Mama Jeruto akauliza.

Kucha zake zilikuwa nyeusi mpaka nyamani. Akashika njia ya mtoni, darasa zima likimfuata, akasugua mpaka vidole vikauma. Mkaa haukutoka.

Mama Jeruto alimngoja mlangoni mwa darasa, akamshika mikono, akazikagua kucha moja moja.

"Huo si uchafu," akasema. "Ingia."