Msiba wa Kuigiza Kiranjeranje

Kabla sijawa mwongozaji wa filamu nilikuwa mwigizaji, na kazi yangu ilikuwa uovu. Sura yangu ilinihukumu mapema. Nilipiga wake, nilidhulumu mayatima, nikafa vifo vibaya kila mwisho wa filamu. Mama mmoja sokoni Lindi aliwahi kukataa kuniuzia samaki. "Nenda kapikiwe na yule mkeo uliyemng'oa meno," aliniambia mbele za watu. Nilicheka sana, lakini nilirudi nyumbani bila kitoweo.

Nilipochoka kungoja kuitwa, nikanunua kamera na kuanza kutengeneza filamu zangu mwenyewe. Nimetengeneza nyingi mno, nyingine hata mimi nimesahau zinavyoisha. Siku tano, filamu imekwisha. Siandiki maneno, asubuhi nawaeleza waigizaji nani anamchukia nani, tunaanza. Nyumba ni za kuazima, nguo ni zao wenyewe, na kuna kochi jekundu ambalo limekaliwa na matajiri wote wa filamu zangu. Wenzangu wa Dar wananicheka. Nawajibu kwamba mimi nimeshamaliza, wao bado wako kwenye vikao.

Haraka hiyo naipenda, na imeniponza. Baba alipofariki Rutamba nilikuwa katikati ya kupiga picha. Nilifika jioni, kaburi limeshafukiwa. Nikala ubwabwa, nikampa mama pole kama wanavyotoa wageni, na alfajiri nikaondoka kwa sababu nyumba tuliyoazima ilikuwa inatakiwa na wenyewe. Kwetu matanga ni siku tatu. Mimi nililala usiku mmoja. Mama hakunisema. Ila tangu hapo simu zake zikawa fupi: salamu, habari za mvua, Mungu akulinde. Nilikuwa naogopa kwenda kwake, na kila nilipoogopa nilianza filamu mpya. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Mwaka jana tulikuwa Kiranjeranje na hadithi ya ndugu wawili wanaogombea shamba la mikorosho, mmoja akafa. Siku ya kupiga msiba, mwigizaji wa kuwa mfiwa hakutokea. Baadaye nilijua alikuwa amekwama Mitwero; saa ile simu yake haikupatikana. Nikavaa kanzu, nikakaa mwenyewe kwenye jamvi. Tulikuwa tumefunga turubai karibu na barabara ili tupate mwanga mzuri, na hapo ndipo tulipokosea. Majirani tuliwaambia, wapita njia hatukuwafikiria. Na huku kwetu msiba haupitwi hivi hivi, hata kama marehemu humjui.

Kamera ilikuwa inakwenda nilipomwona mama mmoja wa makamo anakuja kutoka shamba, mzigo wa kuni kichwani. Aliutua pembeni, akajitanda kanga vizuri, akaja moja kwa moja akapiga magoti mbele yangu.

"Pole, baba. Nani katutoka?"

Kwenye hadithi jibu lilikuwa kaka. Mimi nikasema, "Baba."

"Inna lillahi," akasema, akanishika mikono yote miwili na kuanza kulia. Alilia kweli, machozi yanamdondoka kwenye vidole vyangu, akiniambia nijikaze, kwamba naye baba yake kaondoka msimu wa korosho uliopita. Ilikuwa juu yangu kusema "kata". Sikusema.

Kisha akajifuta, akabeba kuni zake akaenda uani kusaidia kupika. Haikupita muda akarudi, uso umebadilika.

"Msiba gani huu hauna moto? Masufuria matupu, wanawake wanachezea simu!"

Nikasimama, nikamwambia ukweli kwamba tunapiga picha ya filamu.

"Kwa hiyo baba yako mzima?"

"Hapana, mama. Alifariki kweli. Huu mwaka wa tatu."

"Ukakaa matanga?"

"Sikukaa."

Akanitazama sana. "Mama yako yupo?"

"Yupo, Rutamba."

"Mimi nisiyekujua unaniliza hapa. Mama yako kule analia na nani?"

Akageuka kurudi uani. Alijitwika kuni zake akaenda zake, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwita.

Mpiga picha akaja na kamera, anaongea kwa kunong'ona. "Mzee, angalia hii. Hujawahi kupata kitu kama hiki." Nikaangalia. Alisema kweli. Katika miaka yangu yote ya kuigiza sikuwahi kuwa na uso ule, na nitakuwa mwongo nikisema sikuitamani ile picha. Niliitamani mno. Lakini machozi yale yule mama hakunipa ili niyauze. Nikamwambia aifute. Akaniuliza mara mbili kama nina akili timamu, mwisho nikaifuta mimi mwenyewe. Halafu nikawaambia wote wafungashe. Tulikuwa tumebakiza siku mbili tu. Ndiyo filamu pekee ambayo sijaimaliza, na sitaimaliza.

Kesho yake adhuhuri nilifika Rutamba. Mama alikuwa kibarazani anapepeta mbaazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na kamera?"

"Hapana."

"Unaondoka lini?"

"Sijui."

Akasogea, nikapata nafasi kwenye mkeka. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanipotea.

"Mama, sikumlilia baba."

Akaweka ungo chini. "Najua. Siku zote zile za matanga nilikuwekea nafasi pembeni yangu. Watu wakiuliza uko wapi, nawaambia katoka mara moja, anarudi."

Nikalia kwa sauti kama mtoto, jirani akachungulia. Mama hakuninyamazisha. Aliningoja nitulie, kisha akaanza kunisimulia siku za mwisho za baba, kuanzia asubuhi ile alipokataa uji, taratibu, bila kuruka kitu, na mimi sikumharakisha.