Nilivyomnyoa Mume Wangu Mnadani

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nalisema mapema ili mtu mwingine asije akanisemea. Mimi ndiye niliyemfundisha mume wangu habari za nywele za wafalme.

Nilimaliza kidato cha nne katika shule ya masista, nikaolewa mwaka uleule, nikaja Karatu na daftari langu la historia kama wenzangu wanavyokuja na masufuria. Aliyetufundisha historia alikuwa sista mnene aliyependa mambo ya ajabu kuliko tarehe. Alituambia juu ya mfalme wa Ufaransa aliyeanza kunyonyoka nywele angali kijana, akavaa nywele za bandia mpaka mabegani. Kwa kuwa mfalme hawezi kuachwa awe kituko peke yake, mabwana wote wa jumba lake nao wakavaa, hata wale wenye nywele zao nzuri. Wakanyoa vichwa vyao ili wavae nywele za watu wengine. Za matajiri zilitoka vichwani mwa maskini, za wadogo zilikuwa za mbuzi na farasi. Walizinyunyizia unga mweupe wakati mtaani watu hawana mkate, na humo ndani chawa wakastarehe.

Mume wangu alikuwa dereva wa watalii kwenye hoteli moja kule juu ukingoni mwa kreta, lile bonde la volkano lenye wanyama pori. Akirudi amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, anakaa chini kwenye mkeka mbele yangu, mimi namchana kwa chanuo la mti huku daftari liko gotini. Alikuwa na afro. Siyo zile za kuonjaonja, afro kamili, duara, nami nilikuwa naipunguza pembeni kwa mkasi wangu wa ushonaji ili duara lisiharibike. Alikuwa ananiambia nisome tena pale pa mfalme. Halafu anajisifu kwamba zake hakumkopa mbuzi. Kadiri nilivyosoma ndivyo alivyoziacha zikue.

Ukurasa mmoja tu hakuupenda. Ule wa Waingereza waliopigana wenyewe kwa wenyewe, upande mmoja wameachia nywele ndefu zenye mawimbi, upande mwingine wamekata fupi, mpaka wakaitwa vichwa mviringo. Aliniuliza nani alishinda. Nikamwambia walishinda waliokata, na mfalme wa wenye nywele wakamkata kichwa chenyewe. Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wiki hiyo mgambo walikuwa wameshaanza.

Ilisemwa kwamba afro, suruali za kubana na sketi fupi ni utamaduni wa kigeni na zinavunja heshima ya taifa. Sawa. Lakini jinsi walivyoitekeleza hapa kwetu ndiyo iliyoniondolea usingizi. Siku za mnada walisimama na boksi la viberiti. Kijana akipita, wanamchomeka njiti ya kiberiti kwenye nywele. Njiti ikizama isionekane, ananyolewa palepale, na kinachomnyoa ni mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Mkasi mmoja, vichwa vyote, hauoshwi, una kutu na mafuta ya kondoo wa juzi.

Mimi nilikuwa nimeona chuma kichafu kinavyofanya. Jirani yetu, kibarua wa shamba la kahawa, alikanyaga msumari. Siku ya nane taya likafunga. Mkewe alikuwa anajaribu kupenyeza uji kwa kijiko katikati ya meno, uji unarudi kidevuni. Alikufa amepinda mgongo kama upinde na amekenua, mtu angedhani anacheka. Mtoto wao alikuwa na umri sawa na wa mtoto wetu. Ndiyo maana nilimwomba mume wangu akate. Nilimwomba kwa upole, nikamwomba kwa ukali, nikamwomba nikilia. Akaniuliza mbona wazungu anaowaendesha wana nywele mpaka kiunoni na getini wanapigiwa saluti. Hapo hakukosea. Lakini kuwa na haki hakuzuii pepopunda.

Siku ya mnada tulikuwa tunakwenda Rhotia kwa mama yake, mtoto mgongoni, miezi minne. Mkwe wangu alikuwa amnyoe mtoto nywele za kuzaliwa, na wembe nilikuwa nao pindoni mwa kanga, mpya, bado kwenye karatasi yake. Nilitaka tuzungukie nyuma ya kanisa. Yeye akasema hawezi kupita nyuma kama mwizi wa kuku.

Mgambo walikuwa wanne. Mkubwa wao alikuwa mrefu, amevaa koti la jeshi lililomzidi, na alimfahamu mume wangu.

"Dereva, leo umeshuka kwenye gari," alimwambia. "Inama tukusalimie vizuri."

Njiti ilizama. Akachomeka ya pili, nayo ikazama, watu wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza, "Shemeji, hiki ni kichwa au kichuguu? Unalala nacho vipi?" Mume wangu alitaka kuondoka, wawili wakamkandamiza mabegani akapiga magoti. Yule wa koti akaingiza mkasi kwenye paji la uso, akavuta mpaka utosini. Palibaki njia kama ya ng'ombe. Mwisho wa njia ngozi ilipasuka, damu ikateremka mpaka kwenye nyusi.

Pembeni walikuwa wamesimama vijana wawili wa kizungu, mahipi, wananunua ndizi. Mmoja alikuwa amefunga nywele zake kwa kamba ya ngozi, zimelala mgongoni kama mkia wa farasi. Hakuna aliyemsogelea na njiti. Alinyanyua kamera, akapiga picha.

Sikumbuki nilivyofika mbele. Namkumbuka mtoto akilia mgongoni, na harufu ya kondoo. Nilikuwa nauangalia ule mkasi, namwona jirani yetu na uji kidevuni.

"Niachieni mimi," nikasema. "Nitamnyoa mwenyewe. Mnachotaka ni nywele zitoke, zitatoka. Wembe ninao."

Yule wa koti alinitazama, akatabasamu. "Haya mama, mnyoe mume wako. Tupunguzie kazi."

Mwuza maziwa mmoja alinipa maji kwenye kopo. Nilimwosha lile jeraha kwanza, nikalisugua hasa, kisha nikamnyoa kichwa kizima, katikati ya mnada, watu wamezunguka. Alifumba macho. Hakusema acha, nami nikachukulia kwamba amekubali, kwamba ameelewa. Nilipomaliza niliokota nywele zote, kwa sababu nywele za mtu haziachwi njiani zikachezewa, nikazifunga kwenye kanga. Huku nimeinama, wao wanacheka, mimi moyoni najiambia nimemwokoa.

Tulipofika Rhotia mama yake alikuwa anapepeta maharage uani. Aliona kile kichwa, akaona damu kwenye shati, akaona nywele nilizobeba kwenye kanga. Ungo ukamponyoka.

"Nani amekufa?" akauliza.

Kwao mwanamume hunyolewa hadharani, nje, na watu wake wa ndani, anapotoka kumzika mtu wake. Basi. Hakuna siku nyingine. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwepo babu yao alipozikwa, niliwaona wana wake wamepangwa uani wananyolewa mmoja mmoja. Lakini pale mnadani sikuliwaza hata kidogo; nilikuwa nawaza taya. Watu wa Rhotia nusu nzima walikuwa pale wakiniangalia namvalisha mume wangu msiba wakati hakuna maiti.

Akamjibu mama yake neno moja tu, "Aayo," yaani mama kwa Kiiraqw, akaingia ndani. Baada ya hapo akanyamaza.

Naomba unielewe nilivyokuwa. Siyo kununiwa kulikonitisha, kununiwa nakujua. Mume wangu amefunga mdomo na mimi sikuwa na njia ya kujua kama ameufunga yeye au umejifunga. Kila siku aliondoka alfajiri bila kula, alikula hotelini kwenye jiko la wafanyakazi, kama alikula. Akirudi anageukia ukutani. Chai alikunywa, lakini chai mtu anaweza kuivuta kupitia meno yaliyobana. Siku ya tatu jeraha lilivimba. Nilikwenda zahanati, nikamweleza nesi, akaniambia nimlete achomwe sindano. Nikampelekea maneno hayo mume wangu, akaniangalia kama mtu anayeangalia mvua dirishani. Nikarudi kwa nesi kumwuliza dalili. Taya, akasema, halafu shingo. Akaniambia nimwangalie anapopiga miayo.

Basi nikawa mwanamke wa kungojea miayo. Nanyonyesha huku namtazama mdomo. Nilipika makande magumu makusudi, nikamwachia sahani uani. Nilipotoka sahani ilikuwa tupu na mbwa wa jirani amelala karibu yake. Siku ya tano alijishika shingo akaikunjakunja, nikasogeza kibatari karibu nione taya lake. Siku ya sita nilimwambia wazi, baba mtoto, fungua mdomo nione. Akatoka nje. Nilimtazama mtoto nikajikuta nahesabu: jirani yetu ilikuwa siku ya nane.

Na hasira, sitaki kusema uongo, hasira ilikuwepo muda wote huo. Nilimkasirikia yule wa koti na yule wa kamera. Nilimkasirikia sista na mfalme wake. Zaidi nilimkasirikia yeye, kwamba anaweza kufa kwa kiburi na kuniachia mtoto wa miezi minne na daftari.

Siku ya nane ilikuwa Jumapili. Hakwenda kazini wala kanisani, alikaa kwenye kigoda jikoni kwa sababu nje kulikuwa na ukungu na baridi. Nilichoma hindi, nikaliweka mbele yake, nikasimama mlangoni na mtoto kiunoni. Nikamwambia hatoki mpaka ale mbele ya macho yangu. Alilisukuma lile hindi pembeni kwa kidole. Halafu akaniinulia uso.

"Ungewaacha wanikate wao," alisema. "Wao ningewachukia, nikamaliza. Wewe nalala na wewe."

Ni maneno mazito, na nimeyabeba tangu siku hiyo. Lakini wakati ule sikuyasikia. Nilikuwa naangalia mdomo wake. Ulifunguka wote, mpaka kwenye lile jino la nyuma lenye tundu. Nilikaa chini sakafuni na mtoto, nikaanza kucheka na machozi yananitoka, na yeye akaona ninamcheka. Ndipo alipofumuka. Alinisema saa nzima. Alisema nimemwaibisha mbele ya kata nzima, kwamba watu wanamsimamisha barabarani kumpa pole ya msiba, kwamba mwanamke aliyesoma ndiyo shida yake hiyo, anafikiri kila kitu kina jibu. Mengine yalikuwa kweli, mengine yalikuwa upuuzi ambao siku nyingine ningemrudishia palepale.

Kila neno lilikuwa linafungua taya na kulifunga, kulifungua na kulifunga, na mimi nalifuata kwa macho. Alipoishiwa pumzi nilimsogezea hindi, nikamwambia ale, limeshapoa, na likipoa zaidi litakuwa gumu.

Akalichukua, bado amekunja uso, akang'ata.