Maji Yaliyopanda Kwenye Karatasi

Siku yangu ya kwanza kazini niliona watu wakitembea vichwa chini, miguu juu.

Nilikuwa nimeandikwa kufagia Idara ya Jiografia katika chuo kikuu kimoja pale katikati ya jiji. Nilikuwa na darasa la nne, ufagio, na dastikoti ya kijivu iliyonipwaya mabegani. Nje kwenye nyasi nikamkuta Fundi Mkuu, bwana wa stoo ya vifaa, amesimamisha kitu kama darubini juu ya miguu mitatu. Akaniambia niweke ufagio chini nitazame. Nikatazama. Wanafunzi waliokuwa wakivuka uwanja walikuwa wananing'inia kama popo, vitabu mikononi, wanacheka, na hakuna aliyeanguka. Niliruka nyuma.

"Dunia haijapinduka, Nzioka," akasema Fundi Mkuu. "Ni vioo tu. Leveli za zamani zote ziko hivyo. Shika ufagio wako sasa."

Nilishika ufagio, lakini siku hiyo sikufagia vizuri. Kila nikiinua macho nilikuwa natazama watu nikijiuliza ni nani anayewazuia wasianguke. Nimezeeka sasa, nimestaafu, na bado swali hilo hunijia nikiwa nimekaa kitako nyumbani kwangu, mtaa wa Satellite. Nyinyi vijana mnaozaliwa na simu mkononi hamshangai kitu. Mimi nilishangaa miaka yote ya kazi, na sioni haya kusema.

Fundi Mkuu hakuuliza vyeti. Alikuwa na Kiswahili cha kuamrisha na macho ya kupima. Baada ya muda alinitoa kwenye ufagio akanipa stafu. Stafu ni rula ndefu kupita mtu, ya mbao enzi zetu, imechorwa namba nyekundu na nyeusi. Mwenye leveli, ile darubini ya miguu mitatu, anasimama katikati na kutazama. Wewe unasimama mbali umeshika stafu wima, na namba anayoisoma kwenye stafu yako inamwambia ardhi ya hapo iko juu au chini kiasi gani. Kazi ya mjinga, watu walisema. Walikuwa hawajui chenji.

Chenji nitawaeleza polepole, kwa sababu ndiyo iliyonivua nguo.

Leveli haioni mbali bila mwisho. Ukifika inapoishia, unaweka stafu juu ya jiwe gumu, mwenzako anasoma. Halafu yeye ndiye anayehama. Anabeba miguu yake mitatu anapita mbele yako, anasimama upya, anageuka, na kukusoma tena kwenye jiwe lile lile. Wakati huo wote wewe husogei. Unaigeuza stafu imwelekee, basi. Jiwe hilo ndilo chenji. Kila kipimo kitakachokuja mbele kinaning'inia hapo. Ukihama, mwenye leveli hawezi kujua, kwa sababu yeye anaona namba tu.

"Ukiwa kwenye chenji," Fundi Mkuu aliniambia, "hata mama yako akipita, msalimie kwa macho."

Alistaafu, wakaja wengine. Mkuu wa Idara mmoja alikuwa haamini mtu asiye na digrii kugusa chombo chochote. Nilimkalia kimya mpaka akahamishwa. Mwingine alinipa funguo za stoo na kuniambia nisimpe mtu, hata yeye. Nilishika stafu Bonde la Ufa, nilishika kwenye mabonde ya kwetu Machakos, nilishika kwenye vichaka vya Kilimani ambavyo leo ni maghorofa watu wanakunywa kahawa juu yake. Sikuwahi kupoteza chenji. Nilikuwa nikisema hivyo kwa sauti, kila mwaka, mbele ya wanafunzi wapya. Mtu akiuliza shule nilisoma wapi, nilimwonyesha stafu.

Miaka ya mwisho kazi yangu kubwa ilikuwa Chama cha Wanafunzi wa Jiografia. Wanakutana Ijumaa mchana kwenye chumba cha ramani. Wanapanda miti, wanazuru Bonde la Ufa, wanaandaa maonyesho ya ramani kwa wageni. Wengine wanakuja kwa ajili ya picha na chakula cha safari, nawajua. Lakini wako wale wenyewe. Kuna mwaka walirusha kile kindege chao kisicho na rubani juu ya Riruta, wakaniita kwenye kioo cha kompyuta. "Mzee, kwako ni wapi?" Nikatafuta barabara ya Naivasha, nikaifuata kwa kidole, nikakata, nikaona bati langu lenye tangi jeusi la maji, na shuka la kitanda limeanikwa uani. Nilijua ni shuka gani. Nilikaa chini. Mungu ndiye nilidhani anatuona hivyo, peke yake.

Basi mwaka wangu wa mwisho, mwenyekiti wa chama alikuwa binti anaitwa Wanjiru, wa mwaka wa nne, mtu wa Dagoretti, mdogo wa mwili na mkali kama pilipili. Alisikia nikilalamika kwamba mtaa wetu hufurika kila masika. Sisi wenye nyumba tulikuwa tumekubaliana kuchimba mtaro kwa mikono yetu, tatizo ni upande. Ungeweza kuelekea bondeni nyuma ya kanisa, au kuelekea barabarani, ukipita mlangoni mwa nasari ya Mama Kavindu, ambako watoto wadogo wanacheza kwenye udongo. Macho hayakusaidia. Satellite pale ni tambarare, ukitazama unaona kila upande unashuka, ukigeuka unaona kila upande unapanda.

"Tutapima sisi," Wanjiru akasema. "Chama kitapima, na siku ya maonyesho tutawapa mchoro. Mzee, wewe ni stafu."

Tulikwenda Jumatano. Wanjiru kwenye leveli, ya kisasa, inayoonyesha watu wima. Otieno, kijana mrefu mwenye mdomo, akiandika namba kwenye kitabu. Mimi na stafu, dastikoti imepigwa pasi. Na hapo ndipo penye neno. Nilikuwa mtaani kwangu. Watu waliokuwa wakiniona asubuhi na ndoo waliniona sasa na vijana wa chuo kikuu wakiniambia, "Mzee, tafadhali, inua kidogo." Niliona fahari hadi kwenye kucha.

Kwenye kona ya kinyozi tulifika chenji. Nikachora msalaba wa chaki kwenye jiwe la ukingo, nikasimamisha stafu, Wanjiru akasoma, akaanza kuhamisha miguu yake. Hapo akatokea Mzee wa Kanisa letu, mtu mzito, ambaye kwa miaka yote ananiita "yule anayefagia chuo". Alikuwa amenyoosha mkono tangu mbali. Nikaukamata. Na si kuukamata tu. Nilishuka kwenye ukingo, nikamlazia stafu aione, nikamweleza namba nyekundu na namba nyeusi. Akatikisa kichwa. Aliniita "mwalimu". Nikasikia Wanjiru ananiita kutoka ng'ambo, nikarudi, nikasimamisha stafu juu ya jiwe, nikaigeuza, akasoma. Mvua ikaanza. Kwa kawaida mnapima kwenda, kisha mnapima kurudi hadi mlipoanzia. Namba zikikutana, kazi ni safi. Siku hiyo hatukurudi. Tulikimbia.

Alhamisi mchoro ulibandikwa ukutani kwenye chumba cha ramani. Mstari wa ardhi ulishuka vizuri kutoka kwangu hadi kwa kinyozi, halafu ukainuka ghafla kiasi cha shubiri, ndipo ukaendelea kuelekea kanisani.

"Wasee, cheki," Otieno akasema. "Maji ya Satellite inapanda ngazi. Wanjiru, uliisomea ukiwa umelala?"

Chumba kilicheka. Mlezi wa Chama, mhadhiri tuliyemwita Daktari, hakucheka. Alisimama mbele ya mchoro mikono nyuma. Akasema ama ardhi ina mwinuko hapo, na hapo wenye nyumba waambiwe mtaro upite kwa nasari, ama aliyesoma leveli alisoma vibaya. Akamuuliza Wanjiru ana hakika na macho yake. Wanjiru akasema ndiyo. Sauti ilikuwa ndogo. Daktari akasema kwamba mtu asiyeweza kufunga vipimo vya mtaa mmoja hawezi kusimama Jumamosi mbele ya wageni. Otieno ndiye angewasilisha. Wanjiru alikusanya kalamu zake moja moja. Hakutazama mtu. Maonyesho hayo alikuwa ameyaandaa tangu muhula uanze, na mama yake alikuwa amealikwa.

Mimi nilikuwa mlangoni na funguo za stoo. Nilijua kona ya kinyozi. Lakini mtu mwenye kiburi hajui kitu upesi. Nilijiambia jiwe ni jiwe.

Jioni kukiwa bado na mwanga nilipitia pale. Kinyozi ana kibaraza cha bati kinachotokeza, mvua haikufika chini yake. Msalaba wangu wa chaki ulikuwepo, mweupe kabisa, juu ya jiwe la ukingo. Na chini yake, kwenye jiwe la pili, lile la kukanyagia, kulikuwa na alama ya kitako cha chuma cha stafu yangu ndani ya tope lililokauka. Nikapima kwa mkono kutoka jiwe hadi jiwe. Shubiri.

Niliogopa, vijana. Si kumwogopa Daktari. Jiwe ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimehama kwa hatua moja, na karatasi ilikuwa imehama pamoja nami. Kutoka pale mpaka kanisani ardhi yote ilikuwa imeinuliwa kwa mkono wangu, nyumba na miti, na watu wazima walikuwa tayari kuchukua majembe na kupeleka mafuriko kwa watoto kwa sababu karatasi imesema. Nilikuwa nimeshika kitu kikubwa hivyo miaka yote, nikidhani nimeshika rula.

Ijumaa walipokwisha kukaa kwenye mkutano wao niliingia na stafu, nikabaki nimesimama.

"Macho ya huyu binti ni mazima," nikasema. "Aliyehama kwenye chenji ni mimi. Nilishuka kumsalimu mtu, nikarudi kwenye jiwe la chini."

Hakuna aliyecheka. Hata Otieno alitazama viatu vyake. Daktari alivua miwani. "Mzee Nzioka," akasema, "wewe?" Neno hilo moja lilinichapa kuliko barua yoyote ya onyo. Akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia chaki iko pale, aende aione. Kisha akamgeukia Wanjiru na kumwambia mbele ya wote kwamba alimhukumu kabla ya kuuliza stafu ilikuwa wapi, na kwamba hilo ni kosa lake yeye, si la mtu mwingine.

Nilimngojea Wanjiru aseme neno. Alikuwa na haki ya kunitukana, na mdomo anao. Alikuwa ameshaanza kufunga mikanda ya sanduku la leveli.

"Jua bado lipo," akasema. "Twende. Na Mzee, leo usisalimie mtu."

Tulipima kwenda, Daktari akitufuata nyuma. Kwenye kona ya kinyozi nilisimama juu ya msalaba wangu nikabana stafu kwa mikono miwili. Na kama aliyeitwa, Mzee wa Kanisa akatokea, mkono mbele.

"Mwalimu!"

Nikamwangalia. Nikainua nyusi. Mkono wake ukabaki hewani.

"Nzioka, juzi mwalimu, leo hata mkono hutoi?"

Wanjiru alikuwa anahamisha miguu taratibu kuliko ilivyohitajika, nina hakika alifanya kusudi. Kinyozi alitoka na mashine yake mkononi kutazama. Nikazidi kubana stafu. Mzee wa Kanisa akaguna, akaenda zake, na nikamsikia akimwambia kinyozi kwamba hawa watu wa chuo wakivaa koti tu wanapotea.

Safari hii tulirudi hadi tulikoanzia. Otieno akajumlisha namba akiwa amechuchumaa, akarudia, akamwonyesha Daktari kitabu. Tofauti ya kwenda na kurudi haikufika unene wa kisanduku cha kiberiti. Mtaa mzima, nyumba zote zile, mbwa, watoto, kelele, na watu watatu wameuzunguka na kukutana na wenyewe palepale. Mstari ulishuka kutoka kwangu hadi bondeni nyuma ya kanisa. Daktari alisema, "Imefunga," kwa sauti ya mtu aliye ibadani.

Jumamosi Wanjiru aliwasilisha. Ukumbi ulijaa, na mama yake alikaa mbele, kilemba cha njano. Wanjiru alieleza kila kitu, hata kosa, bila kutaja jina. Alisema tu kwamba chenji ilipotea na mwenye stafu akaitafuta mwenyewe. Wenye nyumba wa Satellite walibeba mchoro kwa mikono miwili kama watu waliobeba keki.

Sasa nimestaafu. Funguo za stoo nilizikabidhi, na kwa wanafunzi wapya wanaonialika sisemi tena kwamba sikuwahi kupoteza chenji. Nawaambia niliipoteza mara moja, wapi, na kwa ajili ya nini. Wananisikiliza zaidi kuliko zamani.

Masika haya mvua kubwa ya kwanza ilipokuja nilitoka na koti la mvua nikasimama kona ya kinyozi, juu ya jiwe la ukingo. Maji yalikuja mekundu yakibeba majani na kandambili ya mtu. Yalifika kwenye mtaro tuliouchimba, yakazunguka mara moja kama yanayofikiri, kisha yakageukia kanisani, yakashuka. Upande wa nasari palikuwa pakavu. Niliyatazama muda mrefu. Hakuna aliyeyaamuru.

Mzee wa Kanisa alikuja chini ya mwavuli, akasimama upande wa pili wa mtaro. Naye akatazama maji. Hakunyoosha mkono. Aliniinulia nyusi tu, akangoja.

Nikashuka kwenye jiwe, nikaruka mtaro, nikampa mkono.