Siku Baba Alipoezua Bati

Mwezi uliopita nilikwenda Sumbawanga kumsalimia binti wa kaka yangu, aliyepanga nyumba pale Majengo. Kabla hata sijavua koti akanishika mkono akanipeleka chumba cha nyuma. "Shangazi, njoo uone." Alikuwa ametoa runinga, ametoa kabati, kuta amezipaka rangi nyeupe iliyopoa, na chini ya dirisha ametandika mkeka na mto mmoja. Basi. Akanieleza kwamba hicho ni chumba cha kutuliza akili. Akitoka kazini amechoshwa na maneno ya watu, anaingia humo nusu saa, anatoka mtu mpya. Amejifunza kwenye simu.

Nilibaki mlangoni, miguu imekataa kuingia. Chumba kilikuwa kizuri. Lakini nilikuwa nimekwisha kukiona cha namna ile, miaka zaidi ya thelathini iliyopita, na aliyelala ndani yake alikuwa baba yake huyu binti. Yeye hakuwa amezaliwa, na hakuna aliyewahi kumwambia. Siku ile nilishindwa hata mimi. Nilisema tu, "Kimependeza, mwanangu," nikaomba maji ya kunywa. Kwa hiyo ngoja nikusimulie wewe.

Ndiyo kwanza ruksa ya biashara huria ilikuwa imeingia. Kama ulikuwepo unakumbuka jinsi maduka yaliyokuwa na vumbi tu kwenye rafu yalivyoanza kujaa sabuni, khanga na betri za redio. Malori ya wafanyabiashara yakawa yanapanda mpaka Ufipa kununua mahindi mlangoni kwa mkulima, jambo ambalo miaka michache nyuma lingemfikisha mtu kituo cha polisi. Baba alikuwa mkulima kama Wafipa wenzake waliotuzunguka, mtu wa jembe na wa kanisa, asiye na maneno mengi. Mavuno mawili mfululizo yakamwendea vizuri. Wengine walinunua redio, wengine baiskeli. Yeye alinunua bati.

Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa mji, pale mashamba ya ulezi yanapoanzia, na ilikuwa ya kwanza mtaani kuezekwa bati yote, hadi kile chumba cha mwisho kilichounganishwa upande wa uani. Asubuhi ikipigwa na jua iling'aa ukaiona tangu barabara ya Matai. Nilikuwa na miaka kumi, na nikawa naringa nayo shuleni. Mvua ikinyesha hatukusikilizana. Mama akitaka chumvi alinionyesha kwa vidole, tukacheka. Tuliona kelele zile ndiyo maendeleo yenyewe.

Kaka yangu hakuwepo bati lilipopanda. Alikuwa ameondoka na vijana wenzake kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Mpanda. Huyu ndiye kaka aliyenifundisha kupiga mluzi, aliyenibeba mabegani kila Jumapili tukirudi misa huku mama akimfokea kwamba atanivunja. Nilikuwa nahesabu siku za kurudi kwake.

Alirudi na basi, ameshikwa mkono na kijana mwenzake kama kipofu. Yule kijana alisimama uani, kofia mkononi. "Mzee, shikamoo. Nimemleta mshikaji wangu nyumbani." Akaeleza kwa kifupi, macho chini. Shimo lilikuwa limeporomoka wakiwa ndani. Wawili walikufa. Kaka alikaa humo siku mbili gizani, mawe yakimdondokea moja moja juu ya mbao iliyomkinga, mpaka walipomfukua. Mwilini hakuwa hata na jeraha la maana. Nilimkimbilia nikamkumbatia kiunoni. Hakunigusa. Alinitazama kama mtu anayesoma tangazo la lugha asiyoijua. Nikamwachia.

Wakampa kile chumba cha mwisho. Nikikifikiria leo nashangaa hatukuona. Kilikuwa chumba chenye kidirisha cha kupitisha mkono tu, na baba alikuwa amekijaza magunia ya mahindi yanayosubiri malori, yamepangwa kuta tatu hadi karibu na paa. Kitanda kilisukumwa pembeni kabisa, nyuma ya magunia. Yaani tulimtoa shimoni tukamrudisha shimoni, kwa mapenzi yote.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, tukiwa tumekaa barazani na mama tunapukuchua maharage. Bati linaanza na tone moja, halafu jingine, halafu matatu. Ta. Ta. Ta-ta. Mlango wa kaka ulifunguka kwa kishindo, akatoka mbio bila viatu, mikono amejifunika kichwa, akakatiza uani hadi katikati ya shamba, mahali pasipo kitu juu yake ila mbingu. Baba akamfuata amrudishe ndani. Na hapo, mbele ya macho yangu, kaka akampiga baba ngumi ya mdomo.

Sijui nikueleze vipi. Kwetu mtoto hakumjibu baba hata kwa sauti ya juu. Mama aliangusha ungo, maharage yakatapakaa matopeni, na hakuna aliyeinama kuyaokota. Baba alirudi peke yake, damu inamtiririka kidevuni ikichanganyika na mvua, akapita katikati yetu akaingia ndani.

Tangu hapo ikawa wingu likikusanyika tu kaka anatoka. Anakaa shambani mpaka mvua iishe, na baridi yetu unaijua. Akaanza kukohoa. Mama alimpeleka hospitali wakampa vidonge, padri alimwombea. Wingu lilirudi, naye akatoka.

Ndipo akaja bibi, mama yake baba, kutoka kijijini upande wa Matai, na kikapu cha unga wa ulezi na migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa, walionukia nyumba nzima. Hakumuuliza kaka chochote. Siku mbili alikaa kwenye kigoda uani akimtazama. Aliniita mke mwenzie, kama bibi wote, akawa ananituma: "Mke mwenzangu, nenda kaone amekaa wapi. Amegeukia wapi?" Ninarudi namwambia, amekaa sakafuni karibu na mlango. Amegeukia mlango. Hagusi ukuta.

Siku ya tatu, wakati wa kula mchana, aliweka tonge lake chini akamwambia baba, "Chumba hiki ndicho kinachomuumiza. Toa magunia. Panua dirisha. Kitanda kitazame mlango. Na hilo bati ulitoe, urudishe nyasi."

Baba alidhani amesikia vibaya. "Bati?"

"Bati."

"Mama, watu wanaomba Mungu walipate bati moja. Mimi niezue, nirudishe nyasi? Mtaa mzima utasema nimefilisika. Au nimerogwa."

"Mtaa hauji kulala humu," bibi akasema. "Anayelala ni mwanao."

Baba akanawa mikono na chakula kikiwa nusu, akaenda zake shambani. Magunia aliyatoa, hilo alikubali. Yakahamia sebuleni, na kuanzia siku ile mgeni yeyote, hata katekista, alikaa juu ya mahindi. Lakini juu ya bati hakutaka hata kusikia. Zilipita siku sita. Siku ya sita mvua ilinyesha ya mawe, na kaka aliporudi kutoka shambani midomo ilikuwa ya bluu na mikono haikuweza kushika kikombe cha uji. Mama alimlisha kwa kijiko, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili. Baba alisimama mlangoni akitazama kijiko kile kikienda na kurudi.

Asubuhi yake niliamshwa na sauti ya misumari ikilia. Nilitoka mbio nikidhani ni wezi. Baba alikuwa juu ya paa la chumba cha mwisho, amepiga magoti, anang'oa misumari kwa nyundo. Anaweka mmoja mmoja mfukoni. Akafungua bati la kwanza akaliteremsha kwa kamba taratibu, kama mtu anayeteremsha mgonjwa. Watu wakaanza kukusanyika njiani. Mmoja akapaza sauti, "Mzee, vipi? Wenye bati wamekuja kulichukua?" Kicheko kikapita. Baba hakuinua kichwa. Mimi niliyeringa shuleni nilijificha nyuma ya jiko, mashavu yananiwaka, nikamchukia bibi, nikamchukia na kaka. Nakuambia kweli, nilimchukia.

Kazi ilikuwa kubwa kuliko alivyofikiri. Nyasi zinataka paa la mwinuko mkali, la sivyo maji yanatuama, kwa hiyo ilibidi anyanyue upya kenchi, zile mbao za kubeba paa, chumba kikasimama kirefu kuliko nyumba, kama mtu mfupi aliyevaa kofia ndefu. Tulikata nyasi kilimani, mimi na mama tukizibeba kichwani. Bibi alikoroga udongo mweupe akasiriba kuta kwa mikono yake. Dirisha lilipanuliwa likawa la kutoa kichwa na mabega, na ukilala kitandani uliona mlango, dirisha na kilima kwa mtazamo mmoja.

Aliyenishangaza zaidi ni jirani wa ng'ambo ya kijito, mama wa Kisukuma. Familia yake ilikuwa imehamia na ng'ombe wengi, na sisi, kusema kweli, tulikuwa hatujazoeana nao. Tulisalimiana kwa mbali tu. Siku ile alivuka na karai la samadi mbichi kichwani, akalitua mbele ya mama. "Nimesikia mnamtengenezea kijana mahali pa kulala. Kwetu sakafu hatuiachi na vumbi." Hakungoja jibu. Akapiga magoti akaisiriba sakafu yote kwa viganja, akirudi nyuma hadi mlangoni, ikabaki na michirizi ya vidole kama mawimbi madogo. Mama alilia. Tangu siku hiyo tulinunua maziwa kwake, na aliniita mwanangu.

Mvua iliyofuata ilikawia. Siku wingu lilipotanda juu ya mji, mchana, sote tuliacha kazi. Bibi alishika rozari. Mama alisimama jikoni na mwiko hewani. Mvua ikaanza kwenye bati la nyumba kubwa, ta, ta, nasi sote tukageuka kuutazama mlango wa mwisho. Haukufunguka. Mvua ikashika kweli, paa letu likanguruma hata nikaona midomo ya bibi ikisali bila kuisikia. Mlango haukufunguka. Nikapata hofu kubwa kuliko zote: labda amekufa. Nikakatiza uani nikilowa, nikausukuma.

Ndani kulikuwa kimya, kiasi kwamba nilishtuka kama niliyeziba masikio. Mvua ilisikika, lakini kwa mbali, kama watu wanaotembea kwenye majani. Kulinukia nyasi mbichi na udongo. Kaka alikuwa amelala kitandani, chali, mdomo wazi. Na sakafuni, mgongo kwenye kitanda, alikuwa amekaa baba, baba ambaye sikuwahi kumwona ameketi chumbani kwa mtoto, mkono mmoja ameushika mguu wa kaka. Naye amelala. Sikujua hata aliingia saa ngapi. Nilisimama pale nikidondosha maji, nisijue kama naruhusiwa kuona kitu kile.

Kaka hakupona siku moja. Ilipita masika nzima kabla hajapiga mluzi, na hadi mwisho wake hakuwahi kulala chumba kisicho na dirisha kubwa. Lakini alirudi kwetu. Baadaye akahamia Namanyere, akalima, akaoa, akamzaa huyu binti, na miaka mitano iliyopita akafa kifo cha kawaida kitandani kwake.

Kiwanja kile sasa kina ghorofa. Kilima tulichokata nyasi kimejaa nyumba, na fundi wa kuezeka nyasi ukimtafuta mjini watakucheka. Harufu ile ya chumba kipya sijaipata tena popote, hata nilipokwenda kijijini kuitafuta. Ameondoka bibi, ameondoka mama, na jirani yetu alihama na ng'ombe wake kushuka bondeni, hatukuagana.

Baba ndiye aliyechelewa kuondoka. Alipokuwa mzee sana nilimuuliza, kwa mzaha, kama aliwahi kulijutia bati lile.

"Bati hapana," akasema. "Najutia zile siku sita."

Miaka yote ile nilidhani ni mimi peke yangu niliyezihesabu.